Nani Amesema Hii ni Lahaja? Kuhusu Ndimi za Watu Wasiokuwepo

Ndugu Mwenyekiti, wabunifu wa michezo, waandishi, watafsiri na wasikilizaji wote,

Nianze na ugomvi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwendesha mchezo katika mchezo wa kuigiza uhusika, ule unaochezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Mmoja wa wachezaji wangu alikuwa na mhusika aliyejua Kielfi, lugha ya Waelfi, viumbe wa hadithi wanaofanana na watu. Wahusika wakavuka milima, wakakutana na Waelfi wa msitu mwingine, na daftari la dunia ile, ambalo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, lilisema juu ya usemi wao jambo moja tu: "Huzungumza lahaja ya Kielfi." Mchezaji akauliza, "Basi nawaelewa?" Nikamjibu kwamba anawaelewa kidogo. Akataka kujua kidogo hicho ni kiasi gani, na kama kinatosha kumwezesha kusikia kwamba wanapanga kumwua. Mwenzake akadai kwamba lahaja ni lugha ileile, kwa hiyo anaelewa kila neno. Wa tatu akauliza kwamba, kama anaelewa kila neno, mwandishi alikuwa na haja gani ya kuitaja lahaja? Tulibishana karibu nusu saa, na muda wote huo Waelfi wale walikuwa wamesimama na pinde zao zimevutwa. Nadhani yule wa tatu ndiye aliyeuliza la maana, na haya nitakayosema leo ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Neno "lahaja", likiandikwa katika kitabu cha mchezo, hubeba maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni la masikio: wasemaji hawa wawili wakikutana njiani, wanaelewana kwa kiasi gani? La pili ni la mamlaka: ni nani, ndani ya dunia ile, aliyeamua kwamba usemi huu ni tawi la ule, na aliamua hivyo kwa faida ya nani? Mbunifu anaweza kulijibu kila moja apendavyo, kwa kuwa dunia ni yake. Asichoweza kufanya ni kujibu moja na kumwacha mchezaji aamini kwamba yote mawili yamejibiwa. Hilo ndilo kosa nililolifanya katika daftari langu, na nimelikuta katika vitabu vya watu waliolipwa kuviandika.

Wanaisimu wenyewe hawana mstari mmoja wa kutenganisha lugha na lahaja, na ni vizuri tukijua kwa nini. Kipimo cha kwanza kinachomjia kila mtu ni kueleweana: wakielewana, ni lahaja za lugha moja, wasipoelewana, ni lugha mbili. Kipimo hicho kina mashimo. Kueleweana kunaweza kuelemea upande mmoja, kama inavyojulikana kwamba wasemaji wa Kireno hukifuata Kihispania kwa urahisi zaidi kuliko wasemaji wa Kihispania wanavyokifuata Kireno. Tena kueleweana huenda kwa viwango, na hubadilika kwa mazoea, kwa mada, na hata kwa nia, maana mtu asiyetaka kumwelewa jirani yake hatamwelewa. Mwaka 1952 mwanaisimu wa Kijerumani Heinz Kloss alipendekeza tutenganishe mambo mawili: kuna ndimi ambazo ni lugha kwa sababu ya umbali wa maumbile yake, kama Kibaski ambacho hakifanani na jirani yake yeyote, na kuna ndimi ambazo ni lugha kwa sababu zimejengwa, yaani zimepewa kamusi, sarufi, shule na magazeti. Kiserbia na Kikroeshia huhesabiwa leo kuwa lugha mbili, na wasemaji wake hawahitaji mkalimani.

Mnaijua pia kauli kwamba lugha ni lahaja yenye jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Max Weinreich, mtaalamu wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, aliichapisha mwaka 1945, na watu wengi humhesabu yeye kuwa ndiye aliyeitunga. Mwenyewe alieleza kwamba aliisikia kwa mwalimu mmoja aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji wake. Nalitaja hili ili msione haya muda wa maswali utakapofika.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunayo mifano kinywani. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia usanifishaji huo. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikabaki kuitwa lahaja, na hakuna msemaji wake hata mmoja aliyebadilisha sauti moja siku ile. Kwa upande mwingine, Kingazija kiliwahi kuorodheshwa katika vitabu kuwa mojawapo ya lahaja za Kiswahili. Leo wanaisimu hukiweka pamoja na ndimi nyingine za Komoro, zikiwa ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki. Kiwango cha kimataifa cha misimbo ya lugha, ISO 639-3, kilichochapishwa mwaka 2007, kinakitambua Kiswahili kwa msimbo wa jumla swa, kisha ndani yake kinaweka swh na swc, huo wa mwisho ukiwa wa Kiswahili cha Kongo. Aliyeandaa orodha hiyo alilazimika kujibu swali letu, na amejibu "moja" na "mbili" kwa pamoja. Simlaumu.

Sasa tuingie katika michezo, na nianze na mfano ninaoupenda kuliko yote. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974 ikiwa mchezo wa mezani wa kuigiza uhusika kama ule wangu, na tangu mapema ilikuwa na orodha ya lugha. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, viumbe wa upepo, maji, moto na ardhi walikuwa na lugha nne: Auran, Aquan, Ignan na Terran. Aliyejua moja hakujua nyingine, na kila moja ilibidi ijifunzwe peke yake. Hata maandishi yao yalitofautiana: Aquan iliandikwa kwa herufi za Waelfi, Auran na Ignan kwa herufi za majoka, na Terran kwa herufi za watu wafupi wa migodini. Katika kitabu cha wachezaji cha toleo la tano, cha mwaka 2014, hizo nne zimekuwa lahaja za lugha moja iitwayo Primordial, zote zina aina moja ya herufi, na kanuni inasema wazi kwamba viumbe wanaozungumza lahaja tofauti za lugha moja wanaweza kuwasiliana.

Tazameni kilichotokea. Katika miaka 14 lugha nne zimegeuka lahaja nne, na hakuna upepo wala moto uliojifunza jambo jipya. Uamuzi ulitoka juu, kwa wenye kitabu, kwa sababu ya urahisi wa mchezo, na sidhani kwamba sababu hiyo ni mbaya. Orodha ndefu ya lugha huishia kumwadhibu mchezaji aliyechagua vibaya siku ya kwanza. Ninalolishangaa ni jingine. Kitabu hicho hicho kinaeleza kwamba baadhi ya lugha zake kwa kweli ni familia za lugha zenye lahaja nyingi, kisha kinatoa Primordial kuwa mfano. Mwanaisimu yeyote atakwambia kwamba familia ya lugha na lugha yenye lahaja ni vitu viwili: wanafamilia wanaweza kuwa hawajaelewana kwa miaka elfu kadhaa. Kwa bahati njema, sentensi inayofuata inasema kinachotokea wasemaji wakikutana, na sentensi hiyo moja ndiyo inayoiokoa aya nzima. Mchezaji wangu wa tatu angeridhika nayo. Mimi siridhiki sana, kwa kuwa "wanaweza kuwasiliana" inaifuta tofauti mara tu baada ya kuitangaza.

Kuhusu maandishi nitasema machache. Herufi hazifanyi lugha. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kutawala, na kilikuwa Kiswahili wakati wote huo. Hata hivyo, katika mchezo herufi zina thamani kubwa kwa sababu zinaonekana, na hukumu za watu hufuata kinachoonekana. Kihindi na Kiurdu hufanana sana katika mazungumzo ya kila siku, lakini mtu akikabidhiwa kurasa mbili, moja ya kila upande, atasema bila kusita kwamba ni lugha mbili.

Lipo kundi la ndimi za michezo ambazo si lugha wala lahaja. Katika mchezo wa video wa Final Fantasy X, wa mwaka 2001, usemi wa watu waitwao Al Bhed hupatikana kwa kubadilisha herufi moja kwa nyingine, na mchezaji wa toleo la Kiingereza hukusanya vitabu 26, kimoja kwa kila herufi, hadi maneno yao yafunguke. Kwa mchezo ni jambo la kupendeza mno, maana uelewa unakua mbele ya macho yako. Kwa isimu, hiyo ni fumbo la maandishi: sarufi ni ileile, mpangilio wa maneno ni uleule. Vilevile, katika World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wa mwaka 2004, mchezaji wa kundi moja akiandika ujumbe, mchezaji wa kundi la uhasama huona maneno yaliyovurugwa. Huo ni ukuta, na ukuta haumwambii mtu kama walio nyuma yake ni binamu zake au wageni kabisa. Mchezo uliojaribu zaidi ni Chants of Sennaar, wa mwaka 2023, unaofanyika ndani ya mnara wenye jamii kadhaa, ambamo kila jamii ina alama zake na pia ina njia yake ya kupanga sentensi, hivyo mchezaji hujifunza kwa uchungu kwamba kujua maneno hakutoshi.

Nirudi kwa Waelfi wangu, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Swali lililotushinda mezani lilikuwa: lahaja inafanya nini ambacho lugha ngeni haifanyi? Nimefikia jibu kwamba lahaja hufanya mambo mawili. Kwanza, tofauti zake nyingi zina utaratibu. Palipo na *ch* katika Kiunguja, mara nyingi Kimvita kina *t*: macho ni *mato*, kichwa ni *kitwa*, mchele ni *mtele*. Palipo na *nj* kuna *nd*, hivyo njia ni *ndia*. Msikilizaji akishagundua utaratibu huo, haongezi neno moja. Anaongeza mamia kwa siku moja. Lugha ngeni haikupi zawadi hiyo. Kwa hiyo, katika mchezo, gharama ya lahaja inapaswa kuwa ya muda mfupi na kushuka kwa kasi. Mwache mhusika akae siku mbili na wenyeji wake, awasikilize wakigombana na wakiimba, kisha mwondolee karibu vikwazo vyote. Lugha ngeni inamdai msimu mzima, mwalimu, au pengine nafasi katika karatasi ya mhusika ambayo angeitumia kwa upanga.

Jambo la pili ni la hatari zaidi, na kwa mwandishi wa hadithi ni la thamani zaidi. Mhusika asiyejua lugha anajua kwamba hajui. Mhusika anayekutana na lahaja anadhani anajua. Mtu aliyelelewa na Kiswahili sanifu akisikia *teka* atafikiria kuteka maji, au kuteka mji kwa silaha. Kumbe mwenye Kimvita anazungumza habari ya kucheka. Sasa mweke Mwelfi nyuma ya mti, mwache anong'one kwamba "watawateka wageni jioni", na mwache mhusika wetu akimbilie upanga wake kwa sababu ya watu waliokuwa wakijiandaa kwa mizaha. Daftari langu lingekuwa na kisa hicho bure, kama ningejua nilichokuwa nakiandika. Nashauri hivi: panapohusika lahaja, dadu ikianguka vibaya, mwendesha mchezo asiseme "huelewi". Ampe mchezaji maana iliyo wazi kabisa, na iliyo potofu.

Wabunifu huniuliza pia ni muda gani unatosha kuzigeuza lahaja kuwa lugha. Hakuna saa inayopima hilo, lakini kuna jambo ambalo dunia za kubuni hulisahau. Lugha hubadilika zaidi inapopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, kwa kuwa kila kizazi huijenga upya kutokana na kinachosikia. Katika miaka 1,000, watu wa kawaida, tukikadiria miaka 25 kwa kizazi, wamepitisha vizazi 40. Katika Dungeons & Dragons, toleo la tano, Mwelfi huhesabiwa kuwa mtu mzima akifikia kama miaka 100, na anaweza kuishi hadi 750. Katika miaka hiyo 1,000 Waelfi hawajafikisha hata vizazi kumi, na bibi aliyelelewa na wale walioagana na ndugu zao misitu ilipotengana huenda bado yupo jikoni akiwasahihisha wajukuu. Kwa hesabu hiyo, Waelfi wa pande mbili za mlima wanapaswa kuelewana vizuri sana, huku wanadamu wa mabonde mawili yaliyo karibu wakiwa wameshapotezana. Michezo mingi hufanya kinyume: wanadamu wote lugha moja, Waelfi wamegawanyika kwa rangi za ngozi na majina ya misitu. Hilo linatokana na mazoea ya kufunga lugha na damu, kana kwamba mtoto huzaliwa na sarufi ya kabila lake, wakati mtoto aliyelelewa na majirani huongea cha majirani.

Ndipo tunafika kwenye namna ya kuandika. Kanuni nyingi hujua hali mbili tu, kujua na kutojua, na katika hali mbili lahaja haina pa kukaa. Mchezo wa GURPS, katika toleo lake la nne la mwaka 2004, una ngazi nne: kutojua kabisa, kujua kwa kuvunjavunja, kujua kwa lafudhi ya kigeni, na kujua kama mzawa, tena huhesabu kusema mbali na kuandika. Si lazima muige hesabu zake. Inatosha kuona kwamba katikati ya sifuri na kamili kuna nafasi mbili ambazo lahaja inaweza kuziazima.

Mimi siku hizi huandika safu mbili. Chukueni bonde la kubuni, nililoliita Sundu, lenye vijiji saba kutoka chemchemi hadi mdomo wa mto. Katika safu ya masikio naandika kwamba kijiji na kijiji jirani wanaelewana kwa yote. Wakiachana kwa hatua mbili wanaombana kurudia. Kwa hatua tatu wanamudu kununua na kuuza tu. Kwa hatua nne ni wageni. Mchezaji akiniuliza chochote, nahesabu vijiji kwa kidole na jibu lipo. Wanaisimu huliita hilo mwendelezo wa lahaja, na hakuna mahali katika bonde lote ambapo unaweza kuchimba mtaro ukasema lugha moja imekomea hapa.

Katika safu ya mamlaka naandika kwamba mtaro umechimbwa hata hivyo. Falme mbili zimegawana bonde kati ya kijiji cha nne na cha tano. Ufalme wa juu una chuo, na chuo kimetunga sarufi kwa usemi wa kijiji cha kwanza. Ufalme wa chini una bandari, na makarani wake huandika kwa usemi wa kijiji cha saba. Kwa hiyo watu wa kijiji cha nne wanaambiwa kwamba wanazungumza lahaja ya chuoni, ambayo wanaimudu kwa bei ya mbuzi tu, na kwamba jirani zao wa kijiji cha tano, wanaooana nao, wanazungumza lugha ya adui. Mpelelezi aliyetumwa huko akipewa karatasi inayosema "anajua Kisundu cha Juu", mnapaswa kumwuliza mwandishi wa karatasi: cha nani?

Lile jambo la lugha ya wote, ambayo michezo mingi huipa jina linalomaanisha lugha ya pamoja tu, linahitaji pia kuulizwa swali hilo. Lugha ya wasafiri na wafanyabiashara husambaa kwa sababu fulani, kutoka mahali fulani, na ikishasambaa huota matawi. Sioni sababu ya lugha hiyo peke yake kusemwa sawasawa kutoka kaskazini hadi kusini na watu ambao hawajawahi kuonana.

Kwa watafsiri nina ombi moja, nalo nalisema kwa uzito. Mwandishi anapompa mhusika lahaja ya kubuni, mnapata kishawishi cha kumtafutia lahaja halisi katika lugha yenu, na mara nyingi huwa ni ya watu ambao tayari huchekwa. Mwizi na mlevi wa mchezo wakapewa sauti ya watu waliopo, wenye watoto wanaoucheza mchezo huo huo. Afadhali mjenge utaratibu wenu wa sauti, hata badiliko moja au mawili tu, mkalifuata bila kulegea. Mchezaji ataisikia tofauti, na hakuna anayetukanwa.

Najua kuna atakayesema kwamba mengi ya haya hayataonekana kamwe na mchezaji anayetaka kupigana na majoka. Ni kweli, na dunia isiyohitaji safu mbili haipaswi kubebeshwa. Kama lahaja haitafanya kazi katika mchezo wenu, futeni neno hilo kitabuni, maana kila neno lililoandikwa katika kanuni huahidi kwamba kuna siku litatumika.

Sentensi yangu ya zamani juu ya Waelfi nimeiandika upya. Sasa inasema: "Aliyezoea Kielfi cha upande wa pili wa milima huwafuata wakizungumza naye polepole, na hukosea wakinong'ona, kosa hilo hukoma baada ya siku mbili. Wao wenyewe husema kwamba wa upande wa pili ndio wenye lahaja." Nimeisoma mbele ya wachezaji wangu wale watatu. Yule wa tatu aliuliza tu siku mbili hizo zinaanza kuhesabiwa lini, na nikaona kwamba hilo ni swali ninaloweza kulijibu.

Karatasi mlizopewa mlangoni zina ramani ya bonde la Sundu, vijiji vikiwa vimetiwa namba. Ninaomba kila meza ichukue kijiji cha nne na kuandika mtoto wa pale anamwitaje mwalimu wake aliyetoka chuoni, na anamwitaje shangazi yake wa kijiji cha tano. Tuna dakika 20, kisha nitapokea maswali.